Hakuna Aliyeuliza Jina Lake

Nimehubiri mahubiri mengi ambayo leo sikumbuki hata andiko nililosoma. Lakini iko Jumapili moja ambayo mahubiri yangu nayakumbuka neno kwa neno, na laiti ningeweza kuyasahau.

Nilikuwa kisiwani Songo Songo, ambako usharika wetu una mtaa mdogo. Nilisimama mbele ya watu thelathini na kitu nikakemea tabia ya kuweka mambo ya nyumbani kwenye simu. Nikasema siku hizi mtu akigombana na mwenzake, akiumwa jino, akikosa usingizi, anaandika ili dunia nzima isome. Nikasema wazee wetu walijua kusitiri, na siri ya mtungi aijuaye kata. Watu walicheka palipochekesha, wakaitikia "Amina" palipostahili. Aliyekaa benchi la tatu upande wa dirishani hakucheka wala hakuitikia. Nilijua kwa nini. Mahubiri yale niliyaandika kwa sababu yake.

Niwaeleze kwanza mahali penyewe, maana wengi wenu hamjafika. Songo Songo si Songo Mnara. Songo Mnara ni kile kisiwa chenye magofu, kusini ya Kilwa Masoko, ambacho pamoja na Kilwa Kisiwani kiliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Songo Songo kiko kaskazini zaidi, mbele ya Kivinje, nacho kinajulikana kwa gesi. Iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa chini miaka thelathini, na mwaka 2004 ikaanza kwenda kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Wenyeji ni wavuvi, na karibu wote ni Waislamu. Sisi Wakristo ni wachache, wengi wao watu wa bara waliofuata kazi: walinzi, mafundi, walimu, mama lishe. Mwinjilisti ndiye anayekaa nao. Mimi huvuka mara moja kwa mwezi, na kipindi cha kusi bahari ikichafuka huweza kupita miezi miwili sijaonekana. Boti haimsubiri mtu, inafuata maji. Kwa hiyo mchungaji wa Songo Songo huhubiri jicho moja liko kwenye Biblia na jingine liko baharini. Nimezoea kulisema hili kama mzaha.

Mama huyu, nami nitamwita hivyo tu, anapika chakula na kuuza. Jumatano moja usiku nilikuwa nyumbani, upande wa bara, napitia stetasi za watu kabla ya kulala kama wengi wenu mnavyofanya, nikakuta ya kwake. Haikuwa na picha. Yalikuwa maandishi meupe juu ya rangi nyeusi, kwamba leo mwanawe angetimiza miaka mitatu, kwamba hakuna aliyeuliza jina lake, na kwamba hajui kama Mungu analijua.

Hisia yangu ya kwanza haikuwa huruma. Niliona aibu. Niliona aibu kwa niaba ya mtaa wetu, nikawaza kwamba majirani watasoma na kusema Wakristo hawana imani. Halafu nikaona kama nimedharauliwa. Mwinjilisti yuko palepale, wazee wa kanisa wapo, na mimi nipo. Kwa nini apeleke kwa watu wote jambo ambalo hakulileta kwetu? Nikapitisha kidole nikaenda kwenye stetasi iliyofuata, ya mtu aliyekuwa anauza kiwanja. Kesho yake nikaanza kuandika mahubiri.

Mwezi uliofuata hakuja ibadani. Mwinjilisti alisema anaumwa kichwa, lakini alilisema huku anatazama pembeni. Nikaamua kwenda mwenyewe.

Nilimkuta uani anakuna nazi. Alinipokea kwa adabu zote, shikamoo Baba Mchungaji, akanipa kigoda, akarudi kwenye mbuzi yake akaendelea kukuna. Nilizunguka sana. Niliuliza habari za biashara, za bei ya pweza, za bahari. Mwishoni nikasema nilichokwenda kusema, kwamba nilisikitika kuona neno zito kama lile amelipeleka hadharani badala ya kuja kwa mchungaji wake.

"Nilikuja, Baba Mchungaji."

Sikukumbuka. Akanikumbusha, bila hasira. Mimba ilikuwa ya miezi saba, wakati wa kusi, bahari haipitiki. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa, akazikwa jioni ileile. Ilipofika zamu yangu ya kuvuka, baada ya ibada alinifuata chini ya mkungu akasema ana neno. Nikamwambia aseme. Akasema. Nikaweka mkono kichwani pake nikaomba, nikamkumbusha habari za Ayubu, nikaondoka.

"Ombi lilikuwa zuri," akasema. "Ila ulikuwa umeshika viatu mkononi."

Mliowahi kupanda boti za kwetu mnaelewa. Hakuna gati la kukanyaga mkavu. Unavua viatu, unakunja suruali, unaingia majini. Nilimwombea mama aliyefiwa nikiwa nimekwisha kuvua viatu.

Nikamwuliza nani alimjibu usiku ule. Akasema waliotazama walikuwa sitini na tatu. Simu inaonyesha majina. "Na la kwako lilikuwemo." Wanne walituma ile alama ya mikono iliyoshikana. Mmoja aliuliza kama kesho kutakuwa na chapati. Kisha alfajiri, baada ya adhana, jirani yake alibisha hodi na bakuli la uji wa mchele. Ni bibi wa Kiislamu, mtu mzima sana, ambaye simu yake ni ile ya kubonyeza. Mjukuu wake ndiye aliyemsomea. Bibi akaketi kwenye kigoda hikihiki nilichokalia mimi, akauliza, "Mwanangu, mtoto ulimwita nani?"

Nilirudi bara siku ile sina la kusema, na mwinjilisti, ambaye ni mtu wa maneno mengi, naye akaninyamazia njia nzima hadi ufukweni.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kwa nini mtu huchukua jambo la moyoni, ambalo hajamwambia hata anayelala naye chumba kimoja, akaliweka mbele ya watu. Jibu langu la zamani lilikuwa jepesi, nililitoa madhabahuni: wanajionyesha. Sikatai kwamba wapo. Nimeona watu wanapiga picha wakiwa kando ya jeneza na kuitengeneza rangi kabla ya kuituma. Lakini jibu hilo halimtoshi mama yule. Mtu anayejionyesha huonyesha kilicho chake cha kuonewa wivu.

Jibu la kwanza lililonichoma nililipata katika andiko ambalo nimelihubiri zaidi ya mara kumi, Samweli wa Kwanza mlango wa kwanza. Sote tunamjua Hana. Tunamhubiri Siku ya Wanawake, tunamhubiri kwenye sherehe za ubarikio. Tunachopita haraka ni kwamba Hana hakusali chumbani. Alikwenda Shilo wakati wa sikukuu, mahali penye watu, akalia mbele ya macho ya kuhani aliyekuwa ameketi mlangoni. Maneno yalikuwa ya siri, sauti haikusikika, lakini midomo ilionekana ikicheza. Alikuwa faraghani na hadharani kwa wakati mmoja. Na mtu wa Mungu, aliyewekwa pale hasa kwa ajili ya watu kama yeye, akamtazama akaona mlevi. Akamkemea. Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtumishi aliyechoka, aliyezoea kuona walevi kwenye sikukuu. Baada ya kuelezwa alikubali kosa akambariki yule mama, na hilo nalishukuru sana, maana nimelihitaji.

Kisha kuna Zaburi. Fungueni Zaburi ya 51 msome yale maandishi madogo ya juu, ambayo tukisoma ibadani huwa tunayaruka. Yanasema zaburi hii ni ya Daudi, yanataja Nathani na Bathsheba, na kabla ya hayo yote yanasema imekabidhiwa kwa mwimbishaji. Tafakarini jambo hilo. Dhambi ya aibu kuliko zote katika nyumba ya mfalme, na toba yake, vinapelekwa kwa mwalimu wa kwaya! Zaburi ya 88 ni hivyohivyo, nayo haina hata mstari wa faraja mwishoni, inakwisha gizani. Nayo ilikabidhiwa kwa mwimbishaji. Mtu mmoja aliyekuwa na giza lake aliandika, na watu wa Mungu hawakumwambia afiche. Walitafuta sauti ya kwanza na ya pili wakaimba naye. Kama mama yule angeandika stetasi yake zama zile, huenda leo tungekuwa nayo katika Biblia, na mimi ningekuwa naihubiri kwa machozi.

Agostino, askofu wa Kiafrika, yule wa Hippo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alijiuliza swali letu waziwazi. Kitabu chake cha Maungamo, alichoanza kukiandika kama mwaka 397, kinazungumza na Mungu toka mwanzo hadi mwisho, lakini kiliandikwa kisomwe na watu. Katika sehemu ya kumi anasimama na kuuliza: Mungu anayajua haya yote, sasa watu wanayasikia ya nini? Hajidanganyi kuhusu wasomaji. Anajua watu ni wepesi kuchungulia maisha ya wengine na wazito kurekebisha ya kwao. Hata hivyo anaandika, kwa sababu anaamini wamo ambao upendo utawafungua masikio. Hawajui ni akina nani. Anawaandikia wote ili awapate hao.

Hapo ndipo nilipoanza kuona. Na wanawake wa Pwani, kumbe, walijua siku zote. Watu wa Pwani husema kanga ina jina, wakimaanisha yale maandishi yake. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi zetu, na wafanyabiashara kama Abdulla wa Mombasa wakatajirika nayo. Mwanamke aliyeumizwa na mumewe, na wifi au na jirani hasemi. Anavaa. Anapita sokoni na kiunoni pake pameandikwa Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Kila mtu amesoma na hakuna aliyeambiwa. Ukimwuliza atakujibu kwamba amependa rangi tu.

Nadhani siri ni hiyo. Ukimwambia mtu mmoja, umempa nafasi ya kukukatalia. Anaweza kutazama saa. Anaweza kuwa ameshika viatu. Ukiwaambia wote, hakuna anayeweza kukukataa, na yule mmoja uliyemtaka anaweza kuja mwenyewe, na asipokuja unaweza kusema ulipenda rangi tu. Anayesema na kila mtu mara nyingi ni yule aliyekwisha kujaribu kusema na mtu mmoja.

Lakini nisije nikaonekana nimegeuka na kusema kila kitu kiwekwe hadharani, maana nimelelewa na mtu aliyeyajua hayo yote mawili, faida yake na hasara yake. Mimi ni mzaliwa wa Kagera, na bibi yangu mzaa baba alikuwa mlokole wa ule Uamsho wa Afrika Mashariki. Uamsho huo ulianzia Rwanda na Uganda. Watu husimulia jinsi Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walivyokutana Kampala mwaka 1929, na jinsi moto ulivyowaka Gahini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umefika kwetu Bukoba. Kutoka humo walitoka watu kama Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977, pale Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Kilutheri Duniani. Alama ya uamsho huo ilikuwa kutembea nuruni. Mtu alisimama katika ushirika akataja alichofanya: ameiba ng'ombe, amemchukia mke mwenza, amemdharau Mzungu wa misheni, na Mzungu naye akasimama akasema amemdharau Mwafrika. Akimaliza waliimba Tukutendereza Yesu, wakamkumbatia. Bibi alisema kukumbatiwa kule ndiko kulikomfanya mtu aamini kwamba amesamehewa, kwa sababu jamaa walikuwa wamekwisha kusikia na bado mikono yao ilikuwa mabegani pake.

Alisimulia na upande wa pili. Mwanamume mmoja alisimama kuungama uzinzi, akautaja kwa ukamilifu, na jina la mwanamke. Mwanamke hakuwepo. Mume wake alikuwepo. Jioni ile nyumba mbili zilivunjika, na yule mwanamume akalala usingizi mzuri kuliko wote aliowahi kulala. Bibi alikuwa na kanuni yake kuhusu jambo hili, nami sijaisoma katika kitabu chochote: ungama hadi pale dhambi yako inapoishia, ukivuka hapo umeanza kuungama ya mwenzako. Ukipima mengi yanayoandikwa leo kwa fimbo hiyo, utaona mengi hayapiti. Stetasi ya mama yule inapita. Hakumtaja mtu. Hata mimi hakunitaja.

Sisi Walutheri tumepewa dawa ya jambo hili na tumeiacha kabatini. Machi 1522 Luther alirudi Wittenberg kutoka mafichoni akahubiri siku nane mfululizo, na mahubiri ya nane yalikuwa juu ya kuungama. Alikataa kumlazimisha mtu aungame, lakini alisema yeye mwenyewe hawezi kukubali kunyang'anywa ungamo la faragha, maana bila hilo shetani angekuwa amemmaliza zamani. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha kumi na moja, linasema ondoleo la faragha lidumishwe makanisani. Katekisimo Ndogo inafundisha namna ya kuungama, na watoto wa kipaimara wanaikariri. Kisha katika miaka yangu yote ya uchungaji, waliokuja kuungama faraghani nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na mmoja wao alikuwa amekosea mlango, alimtaka mhazini.

Kwa nini hawaji? Kisiwani kila anayeingia kwa mchungaji huonekana, na kabla hajatoka watu wamekwisha kukisia. Mchungaji anakula nyumbani kwako leo na kwa adui yako kesho. Na watu wanaogopa kujisikia katika mahubiri. Hofu hiyo niliithibitisha mwenyewe, mbele ya benchi la tatu.

Fundi mmoja wa mtambo aliwahi kunieleza kwamba gesi haitoki chini ikiwa kavu, hutoka na maji, na lazima yatenganishwe kabla ya kuipitisha kwenye bomba refu. Wahubiri tunapenda sana mifano ya namna hii. Huu nauacha ulipo.

Nilipoombwa kuandika insha kwa ajili ya kitabu hiki nilikwenda kwa yule mama kumwomba ruhusa. Nilimsomea nilichokusudia. Alisikiliza, akaniambia nibadilishe mambo mawili, nikayabadilisha. Kisha akaweka sharti. "Andika, Baba Mchungaji. Lakini na la kwako uandike. Haiwezekani niwe mimi peke yangu."

La kwangu ni hili. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyenisomesha hadi nikafika Makumira. Alipougua nilimwombea miezi minne, kwa sauti, mbele ya washarika, na nilisema mara nyingi kwamba atapona. Alikufa. Baada ya mazishi, kwa miezi tisa, sikuweza kusali. Ibadani nilisoma liturjia kama ilivyoandikwa, nikabatiza, nikazika, nikafungisha ndoa. Nyumbani kila alfajiri nilifunga mlango wa chumba cha kusomea, mke wangu na watoto wakatembea kwa kunyata wasinisumbue, nami ndani nikasoma habari za Simba na Yanga kwenye simu hadi saa moja. Mkuu wa Jimbo aliniuliza hali mara mbili. Mara zote mbili nilimjibu kwamba Bwana ni mwema. Hata sala ilivyorudi sijui kueleza. Ilirudi kidogokidogo, kama maji yanavyorudi mtoni mvua imenyesha mahali ambapo hukuona.

Nimekaa na jambo hilo miaka sita. Halmashauri ya wazee haijui. Na leo nawaandikia ninyi, wengi wenu siwajui, na naona mkono unakwenda upesi. Ninyi hamtakaa nami barazani kesho. Sitaona nyuso zenu mnapofika mstari ule wa Simba na Yanga. Nilimshangaa mama yule, na mimi ni yeye.

Kabla ya kuituma insha hii nilimsomea mke wangu, usiku, watoto wamelala. Nilipomaliza alisema alijua tangu wiki ya kwanza. Mtu anayesali, alisema, haguni timu inapofungwa. Nikamwuliza mbona hakuniuliza.

"Mchungaji anaulizwa?"

Makumira tulisoma maandishi mafupi ambayo Luther aliyatoa mwaka 1542 kuwafariji wanawake waliopoteza watoto kabla hawajabatizwa. Yalichapishwa pamoja na ufafanuzi wa Bugenhagen wa Zaburi ya 29. Anasema humo kwamba kuugua kwa mama yule, hata asipoweza kutamka neno, Mungu amekuhesabu kuwa sala. Anamtaja Musa mbele ya Bahari ya Shamu, ambaye midomo yake haikusema kitu na Mungu akamwuliza kwa nini anampigia kelele. Anamtaja na Monika, mama yake Agostino. Nakumbuka liliulizwa katika mtihani na nilipata alama nzuri. Safari iliyofuata nilimpelekea mama maneno hayo, miaka mitatu na miezi kadhaa baada ya siku aliyoyahitaji. Nilikwenda Ijumaa badala ya Jumamosi, nikavaa viatu vyangu, nikakaa kwenye kigoda. Nikamwuliza jina la mtoto.

Aliniambia. Jina hilo liko katika kitabu cha kumbukumbu cha mtaa, pamoja na tarehe, kwa mwandiko wangu. Hapa sitaliandika.

Siku hizi narudi bara kwa boti ya Jumatatu. Jumapili baada ya ibada naketi chini ya mkungu, na mwinjilisti ametangaza kwamba anayetaka kuzungumza aje, na asiyetaka aje tuzungumze habari za bahari. Mwezi wa kwanza hakuja mtu, isipokuwa mwinjilisti mwenyewe na makisio ya bei ya mabati. Mwezi wa pili alikuja mzee mmoja, mlinzi, akazungumzia bei ya nyavu kwa muda wa saa nzima. Nami sijui lolote kuhusu nyavu. Jua likazunguka, kivuli kikatuacha, tukasogeza benchi. Tulipokwisha kuisogeza mara ya pili akanyamaza kidogo, akavua kofia, akasema neno lingine.

Hilo nalo halimo humu.